Nimeacha vidonge miezi 6 sasa, mbona bado sijawa sawa? Maswali na majibu kuhusu arosto ya valium na ndugu zake

Haya ndo maswali ninayoulizwa sana na watu waliomaliza matibabu ya vidonge vya kutuliza na vya usingizi, yaani diazepam ambayo wengi tunaiita valium, lorazepam, alprazolam, klonazepam, na ile bugizi yetu ya huku Mombasa. Zile siku za mwanzo za kuacha, ile arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, zinaongelewa sana. Mimi naongelea baada ya hapo, mtu ashatoka rihabu, nyumbani wamempokea vizuri, kila mtu anamwambia hongera, alafu yeye mwenyewe moyoni anajiona bado yuko pale pale.

Dozi yangu ya mwisho ilikuwa miezi 6 iliyopita. Bado usingizi ni wa kuokoteza, moyo unadunda bila sababu, miguu inawaka kama natembewa na siafu. Matibabu yamefeli?

Hayajafeli. Ubongo una kemikali yake inaitwa GABA, kazi yake ni kama breki, inatuliza. Hivi vidonge vinaifanya hiyo breki ikamate zaidi, ndo maana siku ya kwanza kumeza unajiona umetua mzigo wote wa dunia. Sasa ukimeza kila siku kwa miezi, kwa miaka, ubongo unasema basi kuna mwengine anafanya kazi yangu, unalegeza breki zake wenyewe. Siku vidonge vinaondoka breki zile hazirudi siku hiyo hiyo, zinajijenga upya polepole sana, na wakati zinajijenga kila kitu kinakuwa na sauti kubwa, mlango ukifungwa unaruka, mtu akikuita kwa nguvu tumbo linakaza, masikio yanalia nziii usiku kucha.

Dawa yenyewe kutoka mwilini ni wiki chache tu, ata diazepam ambayo ni mkaaji sana. Kinachochelewa ni ubongo kuzoea kuishi bila hiyo dawa. Daktari mmoja wa Uingereza, Heather Ashton, aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu hivi vidonge huko Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, na alikadiria kama asilimia 10 hadi 15 ya waliotumia muda mrefu hubaki na dalili miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo miezi 6 na bado unahangaika, huko sio kushindwa wala hujarogwa, uko ndani ya kitu kinachojulikana.

Wiki jana nilikuwa poa siku 4 mfululizo, nikaenda ata harusi. Juzi nimeamka vibaya kuliko mwezi wa pili. Nimerudi sifuri?

Hili ndo swali linaloniuma zaidi kulisikia manake najua anayeuliza amekaa usiku mzima akilia. Hapana, hujarudi sifuri. Kupona kwa hivi vidonge hakupandi ngazi moja moja, kunajaa na kupwa. Sisi watu wa pwani hili tunalijua toka utotoni, mvuvi hafiki ufuoni akakuta maji yamekupwa mpaka kule mwambani akasema bahari ndo imekauka basi, anajua saa yake itafika. Na kuna bamvua na kuna maji mafu, sio kila kujaa kunalingana.

Mara nyingi siku mbaya ina kilichoivuta: umelala vibaya siku mbili, una homa au mafua, hedhi inakaribia, mmegombana nyumbani, umeshinda na njaa, umepiga kahawa tatu. Wakati mwengine haina sababu kabisa na hapo ndo mtu anachanganyikiwa, anatafuta kosa lake halioni.

Ninavyoona mimi kilichokuumiza juzi sio dalili peke yake, dalili hizo hizo mwezi wa pili ulizivumilia. Ni kwa sababu ulishaonja kuwa mzima. Siku 4 zile zilikupa tamaa, ukaanza kupanga kazi, ukamwambia mama nimepona, alafu ukaporwa. Kuvunjika moyo namna hiyo nakuchukulia kama dalili mojawapo, na kwangu ndo ya hatari zaidi manake ndo inayomrudisha mtu kwenye kemisti. Kwa hiyo fanya hivi, chukua kalenda ya ukutani, kila jioni andika namba moja tu kuanzia 0 mpaka 10, siku ilikuwa mbaya kiasi gani. Usilinganishe leo na jana. Linganisha mwezi huu wote na ule wa miezi mitatu nyuma. Mtu mwenye kalenda anaona kitu ambacho mtu mwenye kumbukumbu peke yake hakioni, kwamba zamani kwa mwezi alikuwa na siku mbili nzuri na sasa anazo tisa.

Mwenzangu tuliingia rihabu pamoja, yeye alikuwa heroini, sasa anaendesha bodaboda na yuko fiti. Mimi nilikuwa vidonge tu na bado nimelala ndani. Kwa nini?

Hilo neno "vidonge tu" litoe kwanza. Arosto ya heroini ni kali sana lakini ule ukali wenyewe wa mwili unakwisha kama wiki moja hivi, na baada ya hapo kuna methadoni, dawa anayopewa mtu kliniki badala ya heroini, Muhimbili walianza kuitoa 2011, kwetu Kenya ilianza Mathari mwisho wa 2014 kisha Malindi na Kisauni 2015. Hivi vidonge havina methadoni yake. Matibabu yake ni kupunguza dozi kidogo kidogo, mara nyingi kwa diazepam yenyewe, na kusubiri.

Na hapa niseme kitu kwa uwazi. Madaktari wa Marekani mwaka 2025 walitoa mwongozo kwamba mwanzo upunguze asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na isizidi robo ya dozi ndani ya wiki 2. Piga hesabu mwenyewe, mtu alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku anaanza kwa kutoa 1 au 2 tu, alafu anasubiri wiki kadhaa ndo atoe tena, hiyo ni safari ya miezi mingi na kwa wengine inapita mwaka. Sasa rihabu ya siku 90 inayokukata zote wiki ya kwanza ili utoke "msafi", hiyo sio sawa, na ni hatari, kuna watu wanapata degedege na kuna wanaokufa. Kama ulikatwa hivyo basi huu ugumu wako wa leo una historia, usijiite dhaifu. Na kama bado unapunguziwa na umekwama dozi moja miezi miwili, kukaa pale kwa makubaliano na daktari ni sehemu ya matibabu, hujasimama njiani.

Nikimeza kimoja tu leo, nilale usiku mmoja, kesho niendelee kuna ubaya gani?

Kaka, dada, nakuelewa mpaka mwisho, na bado nakwambia usimeze. Kimoja kinafanya kazi, hilo ndo tatizo lake, asubuhi unaamka umelala masaa nane na ubongo umeandika njia ile imefunguka tena, kesho usiku hautakubali kulala bila ya hicho. Alafu mwili wako sasa haujazoea, dozi uliyokuwa unaimeza zamani ukaenda kazini leo inaweza kukupunguzia pumzi, hasa ukichanganya na pombe au heroini au ukiwa kwenye methadoni. Na naloksoni, ile dawa ya kumuamsha aliyezidisha heroini, haiondoi kazi ya hivi vidonge.

Pombe nayo inakamata breki zile zile kwa hiyo usijiambie bia mbili sio vidonge. Miraa na muguka ndo mtego mwengine wa huku kwetu, unatafuna mchana upate handasi na nguvu ya kazi, usiku macho makavu, saa nane unatafuta cha kukushusha, na cha kukushusha unakijua jina. Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, pia watu wanaifanya ya usingizi, siku tatu nne inasaidia kisha mwili unaizoea na wewe umebaki na tabia ya kumeza kitu ndo ulale.

Kama ushameza tayari, usijifiche. Kimoja hakifuti miezi 6, mwambie mshauri wako au mtu wako wa karibu kesho asubuhi kabla hakijawa cha pili. Lakini kama umekuwa ukimeza kila siku kwa wiki kadhaa usijikate ghafla kwa hasira au aibu, nenda kwa daktari upunguziwe.

Usiku wa manane nimekodoa macho, nifanye nini?

Usibaki kitandani ukipigana nao. Kama zimepita kama dakika 20 toka, kaa kiti kingine, taa ndogo, kama mnalala chumba kimoja na watoto kaa ata hapo mlangoni. Simu weka mbali. Vuta pumzi ya kawaida na uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, fanya dakika kadhaa, hailazi mtu papo hapo lakini moyo unashuka. Kubwa kuliko yote ni asubuhi, amka saa ile ile kila siku ata kama umelala masaa mawili, toka nje upate jua, tembea kidogo, mchana usilale na kahawa isipite saa sita mchana. Itachukua wiki kadhaa kuonekana na nusu ya hizo wiki utaniona nimekudanganya.

Mwanangu ametoka soba, ile nyumba ya walioacha dawa za kulevya, miezi 3, hataki watu, anashinda amelala, nikimwambia ajikaze ananuna. Ni uvivu huu?

Shikamoo mama. Sio uvivu. Fikiria mtu ambaye ngozi yake yote imechubuka, kila upepo anausikia, wewe unamwona mzima manake nje hana kidonda. "Jikaze" inamwambia huoni anachobeba, na yeye anajikaza toka alfajiri mpaka usiku. Neno teja usilitumie ata kwa hasira. Mpe kazi ndogo yenye saa, aende dukani kununua mkate asubuhi, amwagilie maua, umwambie asante bila kuongeza hotuba. Usimuulize kila siku umepona, muulize leo ilikuwa namba ngapi. Dua na kombe havigombani na daktari, endelea navyo, ila asiachishwe kliniki kwa ajili yavyo. Na kama bibi au yeyote nyumbani ana vidonge vyake vya usingizi, vifungie, sio kwamba humuamini, ni kwamba saa nane usiku hata mwenyewe hajiamini. Akishinda hivyo wiki nyingi bila kufurahia chochote mpeleke aonwe, inawezekana ana sonona na hiyo ina tiba yake.

Nitapona lini kabisa?

Tarehe sina, na anayekupa tarehe mkimbie, manake siku hiyo ikifika bado unahangaika utavunjika mara mbili. Ninachojua ni kwamba wengi wanaendelea kupata nafuu ata baada ya mwaka, na dalili haziondoki zote pamoja.

Lini nisisubiri, niende hospitali?

Ukipata degedege, ukianza kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, ukachanganyikiwa hujui uko wapi, kifua kikabana. Na ukiwaza kujiua, ata kama ni wazo linapita tu. Wengi hapa Kenya walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu ya polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema ile sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume na katiba. Namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haina malipo, Tanzania mamlaka ya dawa za kulevya wanapokea 119 bure. Kama kupiga simu kunakushinda mwamshe mtu mmoja nyumbani usiku huo huo, mwambie maneno matatu tu, nipeleke, siko sawa.