Tangazo la kupima VVU litamfikiaje mwanamume anayejificha?

UKIMWI ni wa kila mtu. Kwa nini kampeni iwalenge wanaume wanaojamiiana na wanaume?

Kwa sababu virusi havikuenea sawasawa. Zanzibar kwa jumla maambukizi hayafiki asilimia 1, lakini utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 miongoni mwa wanaume hawa ulikuta kiasi cha 12 katika kila 100 wana VVU. Ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa ni laini, huchanika upesi. Juu ya hilo kuna woga, unaomfanya mtu asogeze siku ya kupima mwaka hadi mwaka. Na baadhi yao wana wake majumbani, kwa hiyo wanaohusika ni wengi kuliko wanaotajwa.

Redio haitoshi?

Redio inafika Micheweni, inafika Makunduchi. Lakini "sote tukapime" humpita mwanamume huyu anayejificha. Kupima anakujua, anachohofia ni nani atamwona mlangoni. Kisiwani kwetu mpokezi wa kituo anaweza kuwa binamu yako, na habari ikafika barazani kabla hujarudi nyumbani.

Kwengine wamefanyaje?

San Francisco, mwaka 2002, walitumia katuni za kuchekesha kuwahimiza wanaume mashoga wapime kaswende, na waliozikumbuka walionekana kupima zaidi. Marekani ilianzisha mwaka 2011 kampeni ya VVU kwa wanaume weusi wanaopenda wanaume au jinsia zote mbili. Uingereza ina wiki maalumu ya kupima tangu 2012. Mimi nazipokea taarifa hizi kwa tahadhari: anayekumbuka tangazo huenda ndiye aliyekuwa na nia ya kupima tangu mwanzo.

Bango kama lao litafaa Darajani, sokoni mjini Unguja?

Halitafaa. Sheria ya Zanzibar inaharamisha uhusiano huo, na atakayesimama kulisoma atakuwa amejitangaza. Hapa njia ni waelimishaji rika, yaani wenzao waliofunzwa, wanaozungumza ana kwa ana au kwa simu. Kwenye kundi la WhatsApp asitajwe mtu wala isiwekwe picha ya mtu. Ujumbe wenyewe uandikwe hivi kwamba mke au kaka akiishika simu asione kitu: "Kipimo kipo Jumamosi asubuhi, uliza fulani." Redioni, zungumza na kila mwanamume mwenye mpenzi zaidi ya mmoja, naye atajua anaambiwa yeye bila kunyooshewa kidole.

Ujumbe useme nini?

Usitishe. Tulikuzwa na mabango ya mafuvu na mifupa, na aliyetishwa hukimbia. Useme kipimo ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka chini ya nusu saa. Useme mhudumu amefungwa na wajibu wa kutunza siri. Zaidi ya yote, useme habari ambayo wengi hawajaisikia: anayemeza ARV kila siku mpaka virusi vikawa havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Na anayekutwa hana VVU ana njia ya kujikinga, kwani zipo dawa za kumezwa kabla ya hatari, pamoja na kondomu na kilainishi cha maji kisicho na mafuta.

Je, kujipima nyumbani?

Kunafaa sana kwa anayeogopa foleni. Kipo kipimo cha kupitisha kwenye ufizi, unachosoma baada ya dakika 20 na usichelewe kupita 40. Mistari miwili ni dalili ya VVU, lakini haimaanishi umeshathibitishwa. Nenda kituoni ukapimwe tena. Mstari mmoja, yaani VVU havikuonekana, nao si uhakika ikiwa ulijiweka hatarini ndani ya miezi 3 iliyopita: rudia. Kama hatari ilitokea juzi au jana usingoje kipimo cha nyumbani, wahi kituo ndani ya saa 72. Kuna dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Tutajuaje kampeni imefaulu?

Waliobonyeza "napenda" si hesabu. Hesabu ni wangapi wamepima kwa mara ya kwanza, na katika waliokutwa na VVU wangapi wameanza dawa. Kuna jambo dogo linalosahauliwa: tangazo likivuta watu kwenye kituo kilichoishiwa vitendanishi, aliyejikaza kuja hatarudi. Basi kabla ya kulirusha, mtu apige simu kituoni aulize vipimo vipo vingapi, na nani yuko zamu Jumamosi.