Amana aliyoiacha rafiki yangu

Mwezi uliopita tumemzika rafiki yangu. Kwa zaidi ya miaka 30 tulifundisha pamoja shule ya Jumapili, yeye akiwa na watoto wadogo, mimi na vijana, kabla sijaanza kazi ya kuwaandaa walimu wenyewe. Katika mafunzo ninayoendesha, swali halibadiliki: tufanye nini ili watoto wetu wasije wakaiacha imani? Siku hizi nikiulizwa hivyo, namsimulia yeye.

Mazishini wengi walitaja urithi wa imani. Ni neno zuri, ila mimi napenda zaidi lile ambalo Paulo alimwandikia Timotheo: "Ilinde ile amana nzuri." Urithi ukishakufikia ni wako, waweza kuutunza au kuutapanya. Amana ina mwenyewe, na siku moja utaulizwa iko wapi. Katika barua hiyohiyo, Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 2 mstari wa 2, Timotheo anaambiwa awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, nao wawafundishe wengine. Paulo, Timotheo, watu waaminifu, wengine: amana imepita mikono minne katika sentensi moja. Na Paulo hajisifu kwamba ameianzisha yeye. Mwanzoni kabisa mwa barua anamtaja bibi Loisi na mama Eunike, ambao imani hiyo ilikaa ndani yao kwanza. Babaye Timotheo alikuwa Mgiriki, na hakuna mahali tunaposoma kwamba aliamini. Huwa nalisema hili polepole darasani, kwa sababu kila mara yupo mama anayewaombea watoto wake peke yake.

Upande wa pili kuna Waamuzi 2:10: kikainuka kizazi kingine kisichomjua Bwana wala kazi aliyowatendea Israeli. Mstari huu hunitisha kuliko mingi. Watu hawa hawakukosa kumbukumbu. Yoshua alikuwa amesimamisha Gilgali mawe 12 yaliyotolewa katikati ya Yordani, makusudi kabisa, ili watoto watakapouliza "Mawe haya maana yake nini?" wasimuliwe jinsi maji yalivyokatika. Mawe yenyewe hayasemi. Lazima pawepo mtoto wa kuuliza na mtu mzima aliye tayari kujibu, na mimi naamini hapo ndipo tunapokwama hata leo. Majengo tunayo, kwaya tunazo, sikukuu hazitupiti. Mtoto akiuliza maana yake, tunamwambia anyamaze, watu wanasali.

Rafiki yangu hakuwahi kumnyamazisha mtoto. Nilikuwa nyumbani kwake majuma machache baada ya kufiwa na mkewe, mjukuu wake akaja akasimama mbele ya kiti chake. "Babu, si tuliomba? Mbona Mungu hakumponya bibi?" Nilikuwa na jibu tayari, la kitaalamu, na nashukuru sikulitoa. Yeye alivua miwani akaipangusa kwa pindo la shati. "Sijui, mjukuu wangu. Hata mimi namwuliza." Kisha akamkalisha karibu, akafungua Zaburi ya 13, ile inayoanza kwa kumuuliza Mungu hata lini, wakaisoma wote wawili, mtoto akifuata mistari kwa kidole. Walipofika mwisho, pale mwimbaji anaposema ameutumainia wema wa Mungu, yule mzee alishindwa kuendelea. Mtoto akamalizia.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka maneno ya Mungu yanenwe uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Nyakati nne, na hakuna hata moja inayotaja ibada ya pamoja. Ibada ina nafasi yake, nami nimeitumikia maisha yangu yote. Lakini saa moja ya Jumapili haiwezi kubeba mzigo uliowekewa siku nzima, ya kila siku. Na mtoto anayemwona mzazi akikosea kisha akaja kumwomba msamaha, kwa kutaja kosa lenyewe, amefundishwa toba kuliko ninavyoweza kuifundisha mimi ubaoni. Rafiki yangu alifanya hivyo mbele yangu mara mbili.

Nisije nikamchora kama mtu ambaye kila kitu kilimnyookea. Kifungua mimba wake aliacha kanisa akiwa kijana, na hadi tunamzika baba yake hajarudi. Wazazi wa namna hii nimezoea kuwatia moyo kwa habari za Monika, mama Mkristo wa karne ya nne, aliyemlilia mwanawe Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu wa kanisa, miaka mingi hadi akabatizwa huko Milano, Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka uleule, akiwa ameona. Rafiki yangu hakuona. Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Akasema kazi yake ni kukabidhi, na kupokea si kazi yake. Kisha akaendelea kumpigia mwanawe simu kila juma, bila kumhubiria, akimuuliza tu habari zake.

Biblia yake sasa anayo mjukuu yuleyule, ambaye ameshakuwa kijana. Juma lililopita aliniletea, imefungwa kwa mpira mahali jalada lilipoachia. Pembezoni mwa Zaburi ya 78, pale panapotajwa wana watakaozaliwa, kuna majina yaliyoandikwa kwa penseli, madogo madogo, mengine yamekaribia kufutika kwa kuguswa. La kwanza ni la mwanawe huyo mkubwa. Linafuata la mjukuu mwenyewe, lenye mwaka ambao alikuwa bado tumboni. Mengine ni ya watoto wa shule ya Jumapili, miaka na miaka, na familia haiwafahamu.

"Hawa ni nani?" akaniuliza. "Nataka kuendelea kuwaombea, lakini siwajui."

Tukakaa chini, nikaanza na jina la juu kabisa katika wale ninaowakumbuka.