Kikao bila suluhisho si maneno matupu

Hapa Bukavu wengi husema kikao kisichotoa suluhisho ni kupoteza muda. Si kweli. Mwaka 1973 wataalamu wa mipango Horst Rittel na Melvin Webber walieleza kwamba katika matatizo mazito ya jamii, namna unavyolieleza tatizo ndiyo huamua suluhisho utakalolitafuta.

Chukua umeme unaokatika. Fundi peke yake ataona mtambo mbovu. Lakini mvua husomba chupa za plastiki kutoka milima ya Kadutu hadi ziwa Kivu, nazo huteremka kukwamisha mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi. Mwiteni kikaoni na mama anayeuza vinywaji, na mkaaji wa kichochoro kisichofikiwa na gari la taka. Watabishana sana, na wabishane! Swali litageuka: chupa ikiisha, mtu wa mlimani aipeleke wapi?