Kobe Ameota Vichuguu Mgongoni: Maswali Ninayoulizwa na Majibu Yake

Kobe wengi ninaoletewa hufika ndani ya boksi la viatu, na mwenye kobe huanza na maneno yaleyale: "Daktari, anakula vizuri tu, ila mgongo umekuwa kama milima." Nikiuliza vichuguu hivyo vilianza lini, naambiwa mwaka jana, au mwaka juzi. Hapo ndipo ninapovuta pumzi kabla ya kujibu.

Vichuguu hivi ni nini?

Gamba la kobe ni mfupa uliofunikwa na vigae vya keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na pembe. Kobe akikua, kila kigae huongeza ukingo mpya pembeni. Ukingo ukitanda vizuri, mgongo unabaki mviringo kama bakuli lililofunikwa. Ukiota kwa kuelekea chini, kigae kinasukumwa juu na kufanya kilele, na mfupa ulio chini yake hulifuata umbo hilo. Wako kobe wachache wenye nundu za asili, kama kobe-nyota wa India. Wengine wote, ukiona kilele, tazama unavyomfuga.

Akikua si vitajinyoosha vyenyewe?

Hapana. Kilichoinuka hakishuki. Si kwa jua, si kwa dawa, si kwa umri. Unachoweza kuokoa ni ukuaji ambao bado haujatokea, na kila mwezi unaongoja ni ukingo mwingine uliokwisha kuharibika. Mtoto wa kobe hukua haraka katika miaka yake ya mwanzo, kwa hiyo ndiyo hiyo miaka ya kupoteza au kuokoa.

Chanzo ni chakula chenye protini nyingi, sivyo?

Ndivyo watu walivyoamini kwa muda mrefu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofuatilia vifaranga 50 wa kobe aina ya sulcata, kobe mkubwa wa nchi kame za kusini mwa Sahara, kwa miezi mitano, wakilishwa viwango tofauti vya protini na kuwekwa katika hewa yenye unyevu tofauti. Waliolelewa kwenye hewa kavu ndio walioota vichuguu virefu zaidi. Tofauti iliyoletwa na protini ilikuwa ndogo. Kwa hiyo, ukavu kwanza. Hilo halikupi ruhusa ya kumlisha chakula cha mbwa, tafadhali. Kobe mla majani ale nyasi na magugu yasiyopigwa dawa, kwa wingi, na aongezewe kalisi, madini ya kujenga mifupa. Matunda matamu si mlo wake.

Lakini huyu ni mnyama wa nchi kame. Maji si yatamdhuru?

Swali hili ndilo linaloharibu magamba mengi kuliko yote. Nchi ni kame, ndiyo, lakini sulcata haishi juani mchana kutwa. Huchimba shimo na kukaa ndani, ambako hewa ina unyevu. Wewe umemweka kwenye kisanduku cha kioo, chini karatasi kavu, juu taa inayokausha kila kitu, halafu unasema unamwiga porini!

Weka udongo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, unyunyizie maji hadi tabaka la chini libaki na unyevu, na mpe pango dogo la kujificha. Kwa vifaranga wa sulcata nataka unyevu wa hewa ufike asilimia 80 hivi. Nunua kipima unyevu; mkono wako si kipimo. Na unyevu uende na joto: mahali pa kuota joto pawe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na hata usiku asipate baridi. Unyevu ukichanganyika na baridi huleta ugonjwa wa mapafu.

Namwogesha mara ngapi?

Kifaranga, kila siku. Maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20. Utamwona akiinamisha kichwa na koo likicheza: anakunywa.

Kisanduku kiko dirishani, anapata jua la kutosha?

Hapati. Kioo huzuia UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kutumia kalisi. Mtoe nje kwenye jua lenye kivuli pembeni, au tumia taa ya UVB. Taa hiyo huchoka kabla haijazima. Ibadilishe kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Nimeambiwa nivisugue kwa tupa, kisha nipake mafuta. Ni kweli?

Usithubutu. Nimeshika kobe aliyesuguliwa hivyo: vilele vimekuwa vyeupe, kimoja kina kidoa chekundu katikati, na miguu ameivuta ndani asiitoe. Chini ya keratini kuna mfupa hai wenye damu na neva. Anasikia maumivu, ila hana sauti ya kukulilia. Unapopafungua, unawafungulia bakteria mlango. Mafuta nayo hunasa uchafu na hayanyooshi chochote. Narudia, kwa kuwa wiki ijayo nitaulizwa tena: usisugue, usikate, usipake.

Basi nimlete lini?

Siku unayokiona kilele cha kwanza, hata kama anakula, hata kama anatembea. Njoo na picha ya anapoishi na orodha ya anachokula, maana mara nyingi jibu liko humo. Gamba likibonyea chini ya kidole kwa kobe aliyepita mwaka mmoja, au akitembea akiburuta tumbo, usingoje hata kesho: hiyo ni mifupa inayolainika, na inaua. Na kama umekuja kuniuliza tena iwapo vitajinyoosha ukingoja miezi sita zaidi, jibu ni lile la juu.