Sisti ya tumboni: sio saratani moja kwa moja, na sio ya kunyonywa tu na sindano

Ripoti ya ultrasaundi ikishaandikwa "sisti kubwa tumboni" mtu hata hajafuta ile jeli tayari kichwani kashajizika. Ngoja kwanza. Sisti ni kifuko chenye majimaji, basi. Zile zinazoota kwenye mesenteri, yani ule utando unaoushika utumbo na kuupitishia mishipa ya damu, zinazokutwa na saratani ni kama 3 tu katika 100. Ila ni adimu kweli, watu wazima inakadiriwa mmoja katika kila 100,000 hadi 250,000 wanaolazwa hospitali, watoto mmoja katika 20,000, kwa hiyo kuna madaktari wanastaafu hawajaiona hata moja na hapo ndo maneno ya kubahatisha yanapoingilia.

La kwanza utasikia "mwanamke akiwa na uvimbe wa maji, hiyo ni ovari". Mara nyingi ni ovari kweli, sibishi. Lakini sisti ya mesenteri ikishakuwa kubwa inashuka mpaka kwenye nyonga inalala juu ya kizazi, kwenye picha inaonekana kama ya ovari kabisa, tumbo linafunguliwa ovari zote mbili ziko salama salimini. Kwa hiyo uliza mapema, ovari zote mbili zimeonekana? Kama zimeonekana na ziko sawa, basi uvimbe unatokea wapi? Hapo CT au MRI, vile vipimo vya picha za ndani ya mwili, ndo inajibu. Na mkono wa daktari nao usiudharau, sisti ya mesenteri ukiisukuma kulia na kushoto inakwenda ila juu na chini inagoma, ni dalili ya zamani inaitwa ya Tillaux, mpasuaji Mfaransa aliyefanikiwa kuitoa sisti ya hivyo mwaka 1880.

Watoto nao wanaambiwa "maji yamejaa tumboni", wanaanza kutafutiwa ugonjwa wa ini. Maji yaliyo huru yanahama mtoto akigeuzwa ubavu na utumbo unaelea humo, sisti inakaa palepale na utumbo umesukumwa pembeni.

Sasa hili ndo linaniudhi kuliko yote: "si wanyonye tu na sindano, operesheni ya nini?" Jamani, maji yanatengenezwa na ukuta wa kile kifuko, ukiyanyonya ukauacha ukuta unajaa tena, wiki kadhaa au miezi uko palepale. Halafu kuna sisti za haidatidi, zinazotokana na tegu mdogo anayeishi kwa mbwa, hizi zinapenda ini, ukizichoma kienyeji maji yakamwagikia tumboni mtu anaweza kupata mzio mkali wa kuua na sisti mpya zikaja kuota huku na kule. Zipo za haidatidi zinazotibiwa kwa sindano, ndiyo, lakini mgonjwa anakuwa kwenye albendazole, dawa ya minyoo, na watu wamejiandaa. Na zile za mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili na sio damu, zinaweza kunyonywa kisha ikaingizwa dawa ya kuufanya ukuta unate. Unaona, sindano yenyewe haina kosa, kosa ni kuchoma kabla hujajua unachoma nini.

"Haiumi, achana nayo." Hii inategemea iko wapi. Sisti ya kawaida ya ini au figo isiyosumbua huwa inaachwa tu, kuiondoa ni kujitafutia kidonda. Ya mesenteri mara nyingi inashauriwa itolewe hata kama imetulia kwa sababu inaweza kujisokota, kuvuja damu, kuoza au kuziba utumbo, na ukiona maumivu ya ghafla, kutapika, homa, hata upepo hautoki, usingoje kesho. Inatolewa nzima nzima, siku hizi wengi kwa matundu madogo ya laparoskopi, wakati mwingine inaondoka na kipande cha utumbo, hasa kwa watoto, na utumbo unaungwa maisha yanaendelea. Ikibaki sehemu ya ukuta inaweza kurudi.

Dawa za mizizi za kuyeyusha uvimbe? Hamna kitu hapo, muda unapotea na sisti inakua.

Na kilichotolewa kiende maabara ya patholojia, hata kama mpasuaji kasema yalikuwa maji tu. Wale 3 katika 100 wanajulikana kwa darubini, kwa macho huwapati, kwa hiyo usiache kufuatilia hiyo karatasi ya majibu.