ORS si ya kufunga tumbo, jamani

Wiki hii tena: "Daktari, ule unga wako haufai kitu, mtoto bado anaharisha. Niandikie Flagyl." Basi naandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya kwa WhatsApp.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, haifungi tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka na kile choo, maana hizo ndizo zikiisha mtoto hufa. Sukari iliyomo si ya utamu: ndiyo inayoipitisha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Mtoto aweza kuharisha siku nne na bado ukamkuta anakimbizana na wenziwe vichochoroni Langoni hapa Lamu. Huyo ORS imemfaa.

Flagyl, dawa ya bakteria na amiba? Mara nyingi kinachowaharisha watoto wadogo ni virusi, na Flagyl haiui virusi. Wala si meno. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mlete saa hiyo hiyo.

Linaloniudhi hasa ni kipimo. Kuna pakiti za nusu lita na za lita nzima. Imeandikwa juu yake, soma. Mtu huchota kijiko kimoja cha unga akakoroga kwenye kikombe cha chai, "kwa kukisia". Mchanganyiko ukiwa mzito huyavuta maji ya mwilini yaende utumboni, na kuharisha kukazidi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipunguza chumvi na sukari kwenye fomula, ukali wa mchanganyiko ukashuka kutoka milimoli 311 hadi 245 kwa lita, na kuharisha na kutapika kwa watoto kukapungua. Wewe unaupandisha tena kwa kikombe! Chukua chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, ioshe, ijaze maji, mimina pakiti nzima ya nusu lita. Kesho yake kilichobaki mwaga. Akitapika ngoja dakika kumi, kisha mpe kijiko kijiko. Ziwa usimkatize.

Sasa lile linaloninyima raha. Vitabu husema "maji safi", basi. Aliyeandika hajachota kisima cha mtaa wetu wa Mkomani, choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta na maji yana chumvichumvi. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haitoki. Fomula imepunguzwa chumvi, nasi twairudisha kwa ndoo. Mimi huwaambia ya mtoto yawe ya mfereji, yaani bomba, yatokayo visima vya kijiji cha Shela, au ya mvua, nayo yachemshwe. Lakini mfereji una siku zake, na asiye na pesa ya mtungi wa maji uletwao na punda nimwambie nini? Kipimo cha chumvi hatuna zahanati. Mama akija na chupa yake naonja kwa ulimi. Yakiwa makali namwambia aombe kwa jirani. Yakiwa ya wastani namwacha akorogee, kwa sababu mtoto kukosa ORS kabisa naogopa zaidi.

Zinki, vile vidonge vinavyotolewa pamoja na ORS, nayo ni siku 10 hadi 14, hata tumbo likifunga siku ya tatu. Aliye chini ya miezi sita ni nusu kidonge. Tena msimwekee binamu yake vilivyobaki, havitakiwi kubaki.