Kemo ya uvimbe wa ubongo: maswali ya familia za Tanga

Ukitaja kemo, yaani dawa za kuua saratani, mtaani kwetu watu huwaza dripu na kichwa kisicho na nywele. Kisha mgonjwa anashuka basi kutoka Dar es Salaam na kifuko cha kapsuli mkononi, na nyumba nzima inaulizana: ndiyo hii tu? Mimi ni muuguzi, na haya ndiyo maswali ninayokutana nayo zaidi.

Ina maana mama hatalazwa?

Kwa ajili ya dawa yenyewe, mara nyingi halazwi. Ubongo una uzio wake unaozuia dawa nyingi za damuni zisipenye. Temozolomidi ni mojawapo ya zile chache zinazopita, nayo humezwa. Kwa uvimbe mkali uitwao glioblastoma, huanza pamoja na mionzi: dawa kila siku, mionzi siku za kazi, kwa wiki 6 hivi. Mionzi ndiyo inayowalazimu watu wa Tanga kutafuta ndugu wa kufikia Dar es Salaam, maana wengi hutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Baadaye anapumzika wiki 4 hivi, kisha anaingia kwenye mizunguko: siku 5 za dawa, siku 23 bila dawa, mara nyingi mizunguko 6. Si kila uvimbe hutibiwa hivi. Meninjioma, kwa mfano, kwa kawaida ni kazi ya upasuaji, na kemo haihusiki.

Anameza vipi?

Hapa ndipo tunapokosea sana majumbani. Dozi hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, halafu hupatikana kwa kuchanganya kapsuli za nguvu tofauti. Aliyeandikiwa miligramu 240 anaweza kupewa mbili za 100 na mbili za 20. Ukiona vichupa viwili, usidhani kimoja ni cha asubuhi na kingine cha usiku. Zote nne ni dozi moja, humezwa wakati mmoja, nzimanzima na maji. Dawa ya kuzuia kutapika itangulie kwa nusu saa hadi saa moja. Tumbo liwe tupu, na wengi huona afadhali wakati wa kulala, kichefuchefu kikapita usingizini. Akitapika, asirudie dozi siku hiyo. Na kapsuli isifunguliwe ili kumrahisishia. Ule unga unamdhuru hata anayeuvuta au kuugusa.

Chukueni kalenda ya ukutani, mkate alama kila usiku kwa kalamu. Kumbukumbu ya mgonjwa wa ubongo isitegemewe, na ya anayemuuguza bila kulala, hali kadhalika.

Nywele zitanyonyoka?

Kwa dawa hii, kidogo au hata zisinyonyoke. Mionzi ndiyo huacha kipara pale ilipopiga. Kinachowasumbua wengi bila kusemwa ni choo kigumu, pamoja na uchovu. Maji, papai, mchicha. Ikishindikana, ombeni dawa ya kulainisha mapema.

Akipata homa, tumpe dawa ya malaria?

Hapana, na naomba hili lisomwe mara mbili. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hasa wiki ya tatu na ya nne ya mzunguko, ndiyo maana damu hupimwa kabla ya mzunguko mwingine kuanza. Pwani yetu kila homa tunaiita malaria, na inaweza kuwa malaria kweli, lakini kwa mtu huyu inaweza pia kuwa maambukizi yanayokimbia mwilini kwa saa chache. Nunueni kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, msimpe parasetamo mkasubiri kuche. Mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Yuko kwenye kemo." Apimwe malaria na picha kamili ya damu. Septrini aliyoandikiwa, kama ipo, si ya kikohozi. Inamkinga na nimonia.

Na deksamethasoni?

Hiyo si kemo. Inapunguza maji yanayovimbisha ubongo. Humpa mtu njaa, humnyima usingizi, na hupandisha sukari. Asiiache ghafla, hata akijisikia mzima. Daktari huipunguza pole pole.

Ramadhani inaingia. Atafunga?

Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na siku za dawa anahitaji maji. Tatizo jingine ni futari: usiku tunakula mfululizo, tumbo tupu litapatikana saa ngapi? Mpangieni muda pamoja na daktari. Mwambieni pia habari ya mlonge, habasoda na mizizi anayoletewa, maana ini lina kazi tayari.

Itamponya?

Kwa glioblastoma, kwa kawaida haimalizi ugonjwa, inauchelewesha. Katika utafiti uliochapishwa 2005, waliopata mionzi peke yake, kama 10 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 2. Walioongezewa temozolomidi walikuwa kama 26. Familia inastahili kuambiwa hivyo mapema, kwa sauti ya chini, mgonjwa akitaka kujua.

Baba haelewi kwa nini amenyang'anywa baiskeli.

Katika mji huu ni sawa na kunyang'anywa miguu, namwelewa. Lakini kifafa cha uvimbe hakipigi hodi, na barabara ya Pongwe ina malori. Asiendeshe mpaka daktari aseme, na dawa za kifafa asiziruke. Kuogelea Raskazone vilevile hapana. Kukaa ufukweni jioni kupunga upepo, ruksa, ila avae kofia kama jua bado lipo: ngozi iliyopigwa mionzi huungua upesi.